Mama na Mtani Wake wa Temeke

Nyumbani kwetu Manzese kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha saruji kule Wazo, akiondoka alfajiri na lori la wafanyakazi na kurudi jioni kope nyeupe, kama mtu aliyechovywa kwenye unga. Dada yangu alikuwa ameolewa Magomeni, na kazi yake ilikuwa kuja kila Jumapili kutuonyesha kwamba ameolewa. Mama alikuwa mama. Mie kazi yangu ilikuwa kukaa.

Nilikaa vizuri sana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri barua ya kupangiwa kazi, na mtu anayesubiri barua hawezi kwenda mbali, ikija je? Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nawapa watu. Ukweli ni kwamba hata kabla ya barua nilikuwa hivyo hivyo. Wenzangu wakienda mpirani, mie niko uwani napepeta mchele. Wakienda dansini, mie namchambulia mama mchicha. Dar es Salaam niliijua kama nilivyoijua Ulaya, yaani kwa redio.

"Huyu mwanangu," mama alikuwa akiwaambia majirani, "siku akifa msihangaike na makaburini. Mchimbieni hapo hapo chini ya kitanda, asije akachoka na safari."

Majirani walicheka, na mie nilicheka, halafu nikaendelea na mchicha wangu. Mama mwenyewe ndiye aliyenizoesha. Alikuwa na tabia ya kuniita hata nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Yuko jikoni, mie niko mlangoni pa jiko, namwona anavyofuta jasho, naye anapaza sauti kama ananiita kutoka Kimara: "We! Uko wapi?" Na mie najibu, "Naam mama, nipo!" Basi. Hakuwa na la kunituma. Alitaka kujua tu.

Masika ya mwaka ule mama akaanza kuacha chakula. Mwanzoni tulidhani ni unga wa njano. Ilikuwa miaka ile ya foleni, unga wa njano unaletwa kwenye duka la ushirika, na kila tumbo la Manzese lilikuwa na ugomvi nao. Lakini mchele ulipopatikana akauacha vilevile. Mikono ikawa inapungua na tumbo linaongezeka. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mwenye miwani, akatuita baba na mimi pembeni, akasema ini limekwisha, hakuna cha kukata wala cha kushona.

"Mrudisheni nyumbani," akasema. "Mpeni anachopenda."

Jioni ile tulifanya kikao nyuma ya choo, baba, dada na mimi, maana nyumba yetu haikuwa na pahali pengine pa siri. Tukakubaliana mama asiambiwe. Kwetu mgonjwa haambiwi. Baba akasema tuendelee kama kawaida, mtu yeyote asibadilishe kitu. Halafu yeye mwenyewe, Jumanne iliyofuata, akarudi kutoka kazini na kuku.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka uwani, ameegemea mto. Akamwangalia yule kuku, akamwangalia baba.

"Leo siku gani?"

"Jumanne, mama," nikasema.

"Sikukuu ya nani?"

Dada, aliyekuwa amekuja siku isiyo yake (kosa la pili hilo), akajifanya anatafuta kisu.

"Si sikukuu, si mgeni," mama akasema. "Basi nani anakufa? Maana nyumba hii kuku hajawahi kufa peke yake."

"Kula tu, mama watoto," baba akasema.

Akala kipapatio kimoja, taratibu, mpaka kwenye mfupa. Kisha akasukuma sahani. "Kifua mpeni huyu anayekaa," akasema, akininyooshea kidole. "Kukaa kunachosha."

Tangu siku ile mama alijua, na sie tulijua kwamba anajua, na hakuna aliyesema. Tulizunguka lile neno kama watu wanaozunguka dimbwi mlangoni, kila mmoja amepandisha nguo yake.

Aliyelikanyaga alikuwa mtani.

Inabidi nieleze. Sie ni Wangoni, wazazi wangu wote wawili walitoka Songea. Zamani hizo babu zetu walikuwa wakipita nchi za watu kuteka, na miongoni mwa waliopitiwa walikuwa Wamatumbi, ambao walikuwa na mapango mazuri ya kujifichia. Baadaye vita viliisha, watu wakapatana, na kilichobaki ni utani. Mngoni na Mmatumbi wakikutana wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na hakuna ruhusa ya kununa. Na mmoja akifa, mwenzake lazima aje msibani kumtania maiti. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, analala mlangoni kuzuia jeneza. Ndugu wanalia, mtani anachekesha. Ndivyo mtu anavyosindikizwa kwetu.

Mama na mtani wake walikutana kwenye foleni ya sukari Kariakoo. Mtani alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha kuondoka, mwenyeji wa Temeke. Alimsikia mama akiongea, akamjua kwa lafudhi, akamkamata mkono na kumtoa kwenye foleni.

"Toka hapa, mtumwa wangu. Sukari wanapata kwanza mabwana."

Mama akageuka. "Bwana wa wapi? Babu zako si ndio waliokaa pangoni mpaka wakaota ukungu, babu zangu walipopita?"

"Hawakuogopa mikuki yenu. Walikuwa wanakwepa harufu."

Wakakumbatiana pale pale, na watu wengine wawili wakapita mbele yao kwenye foleni. Kuanzia hapo, kila mwisho wa mwezi mtani alivuka mji kuja kwetu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo." Akanijibu, "Shikamoo ya mtumwa haina marahaba," akachukua kiti nilichokuwa nimekalia.

Sasa akaja akamkuta mama kwenye mkeka. Sie tulikuwa tumekwisha kumwonya mlangoni, dada amemshika mkono, anamnong'oneza, tafadhali, hajaambiwa. Mtani akaitikia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja uwani, akafungua kanga yake kiunoni, akamtandazia mama kuanzia utosini hadi miguuni.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nakupima. Nitakuchimbia kaburi fupi, nyayo zibaki nje. Nikija kudai vitu vyangu nijue pa kukuvuta."

Dada akatoa sauti kama amekanyaga kaa la moto. Mie nikaangusha ungo. Na mama, ambaye hakuwa amecheka tangu masika yaanze, akacheka mpaka akashika tumbo lile lililovimba na kusema, "Niache, unaniua!"

"Mie? Uongo huo. Umekwisha kuuawa, mie nimekuja kupima tu."

Wakacheka wote wawili, kisha mtani akakaa chini akamshika mama miguu, akaikanda. Neno lilikuwa limesemwa. Uwa wetu haukuanguka.

Baba alipopata habari alikasirika. Baba alikuwa msomaji kanisani. Jumapili alivaa suruali iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya watu na kusoma Waraka kwa sauti ambayo hatukuisikia nyumbani. "Siku ikifika," akatuambia, dada na mimi, tena nyuma ya choo, "hilo jambo silitaki. Hapa si Songea. Hapa jirani mmoja Mchaga, mwingine Mhaya, mwingine Mpare. Wakiona mwanamke anamcheka mke wangu mbele ya jeneza, watasema tumefurahi. Msiba wangu hautakuwa ngoma."

Ukuta wa choo chetu ulikuwa wa makuti. Mama alisikia kila kitu.

Asubuhi yake, baba alipokwisha kwenda kazini, akaniita. Nilikuwa hatua tatu.

"We! Uko wapi?"

"Naam mama, nipo."

"Kaa." Nilikuwa nimekaa. "Baba yako anaogopa watu. Mie naogopa kuzikwa kama mgeni. Mtu akizikwa kimya hivyo, kwetu watu huulizana, huyu hakuwa na mtani? Aliishi na nani huko mjini?" Akapumzika kidogo. "Mtani wangu hatakuja kwa redio. Mtani haitwi kwa redio wala kwa barua. Anafuatwa, anaambiwa kwa mdomo, na mtu wa nyumba hii. Dada yako atakuwa anazimia, namjua. Utakwenda wewe."

"Temeke?"

"Temeke. Si Nairobi."

"Mama, Temeke mie sikujui."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Una muda wa kuogopa."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo wote, na moyo wangu wote ulikuwa unatetemeka.

Mtani akawa anakuja kila wiki sasa, na kazi yao ikawa mazoezi. Sijui kama kuna msiba mwingine uliofanyiwa mazoezi na maiti mwenyewe. Mtani alitaka kujua amwigize nini.

"Niigize navyotembea," mama akasema, "kwa madaha."

"Madaha? Wewe unatembea kama bata aliyesahau kitu. We mkaa nyumbani, hebu nisaidie, huyu ana vituko gani?"

Nilikuwa nachambua choroko. Bila kuinua kichwa nikaanza. Nikasema mama haonji chumvi kwa ulimi mpaka aiweke kwanza nyuma ya kiganja. Nikasema akikusema kwa nusu saa nzima, humalizia na "Mie sijasema kitu." Akipigiwa hodi na mtu asiyempenda hujibu "Hakuna mtu." Kabla ya kufunua sufuria anagonga kifuniko mara mbili kwa mwiko, ko, ko, kama anabisha hodi kwa wali. Kanga yake anaifunga, anaifungua, anaifunga tena, ndipo anaondoka. Na ananiita nikiwa mbele yake.

Nilipoinua macho, wanawake wote wawili walikuwa wamenigeukia.

"Mie nagonga kifuniko?" mama akauliza.

"Kila siku."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Mtani," mama akasema, "miaka yote hii kumbe nimemlea mpelelezi."

"Huyu hakuwa anakaa," mtani akasema, akinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Alikuwa anasoma."

Mama alikufa asubuhi ya Alhamisi, mnamo saa nne. Nilikuwa nimempikia uji, nikamnywesha kijiko kimoja, cha pili. Wa kijiko cha tatu akaubakiza mdomoni, akaumeza kwa shida, akasema, "Uji una madonge." Ulikuwa nayo. Nikainuka kwenda kuuchuja, na niliporudi na kikombe alikuwa amekwisha kwenda. Mpaka leo nikipika uji nauchuja mara mbili, na hakuna anayeniuliza kwa nini.

Sitaeleza saa zile za mwanzo. Dada alifika na akazimia, kama alivyotabiriwa. Baba aliletwa na gari la kiwandani, na saruji yake yote, akasimama mlangoni pa chumba akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Baadaye akaanza kupanga mambo, maana kupanga alikuweza: huyu aende kwa padri, yule kwenye mbao za jeneza, mwingine apeleke tangazo redioni. Maziko kesho, saa tisa.

Nikavaa viatu.

Baba aliviona viatu kwanza, kisha akaniona mimi. "Unakwenda wapi?"

"Temeke."

"Hutoki."

Miaka ishirini watu walikuwa wakiniambia toka, toka nje, toka uone watu, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiambia nisitoke. Ningekuwa na akili zangu ningefurahi.

"Baba, nilimwahidi."

"Nimesema hutoki. Kuna wageni, kuna maji ya kuteka." Akanigeuzia mgongo akaendelea na wanaume wenzake.

Nikaenda chooni. Nikapitia kwenye yale makuti ambayo vikao vyetu vyote vya siri vilikuwa vimevujia. Suruali ikachanika nyuma. Hivyo ndivyo nilivyotoka nyumbani kwa mara ya kwanza kama mwanamume.

Basi la kwanza nililopanda lilikuwa likielekea Ubungo, yaani nilikuwa nakwenda Temeke kwa kupitia Morogoro. Kondakta akanishusha kwa huruma, na nilipofika mjini nikauliza tena, nikapanda jingine, nikashuka mapema mno, nikawa natembea na jua la saa nane huku nimeshikilia suruali kwa nyuma. Mtani hakuwa ametuachia namba ya nyumba. Nilikuwa naulizia mama mmoja mnene, Mmatumbi, anayetukana watu.

Vijana wa kwanza wakacheka. "Hapa wako wengi, ndugu."

Lakini bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akanielekeza bila kufikiri. "Anayetukana huku anacheka? Nyumba ya nne, yenye mlango wa kijani. Ukisikia kelele umefika."

Hakukuwa na kelele. Mtani alikuwa kibarazani, anasuka ukili. Akainua macho, akaniona nimesimama pale na vumbi langu na suruali yangu. Mikono ikasimama.

"Wewe," akasema. "Umetoka nyumbani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umetoka mwenyewe?" Ukili ukaanguka. "Basi amekufa."

Nilikuwa nimekariri maneno njia nzima na sasa hayakuhitajika. Lakini yeye akanyoosha kidole. "Sema. Sema kwa mdomo, ndivyo inavyotakiwa."

"Mtumwa wako amekufa, mtani."

"Afadhali," akasema upesi. "Alikuwa anamaliza sukari ya nchi." Sauti yake ilikatika kwenye lile neno la mwisho. Akaingia ndani akakaa muda, akatoka na sindano na uzi, akanigeuza kama mtoto, akanishonea suruali nikiwa nimesimama.

Siku ya pili saa saba alikuja na wanawake wenzake wawili wa Kimatumbi. Baba alikuwa amekaa na padri na wanaume chini ya turubai. Alipowaona alisimama, na nilidhani atawafukuza. Lakini mtu aliyefika msibani hafukuzwi, hata baba alilijua hilo. Akanitazama mimi tu. Nikatazama viatu vyangu.

Mtani aliingia chumbani kwa mama, akatoka amevaa gauni lake la maua lililombana kila mahali, amefunga kanga yake, amejitanda nyingine. Wale wa kwetu walijua, wakasogea. Majirani hawakujua, wakashangaa. Mtani akafika katikati ya uwa, akasimama palipokuwa mkeka wa mama, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Akafungua kanga, akaifunga. Akaifungua. Kisha akakaa chini kwenye kigoda cha mama mlangoni pa jiko, akajifunika uso, akalia. Alilia kama ndugu. Mtani hatakiwi kulia. Mtani akilia msiba umekosa mtu. Wenzake wakaangaliana. Shangazi mmoja wa Songea akatikisa kichwa. Nikamwona baba ameinamisha uso, na sikujua kama ni nafuu au ni nini.

Mie nilikuwa jikoni, bila shaka. Ningekuwa wapi tena? Nilikuwa nasaidia kupika wali wa msiba, na nikaona kitu ambacho mama alikiogopa kinatokea mbele yangu, hatua tatu. Anazikwa kama mgeni. Na mimi siwezi kumtania mama yangu, mtoto hana ruhusa hiyo. Nilichoweza ni kimoja. Nikachukua mwiko wa mama, nikauweka mkononi mwa mtani, na nikamsogezea sufuria yenye kifuniko chake.

Akautazama ule mwiko. Akapumua.

Ko, ko.

Halafu, bila kugeuka, kwa sauti ya mama kabisa, sauti ya kuita mtu kutoka Kimara: "We! Uko wapi?"

"Naam mama, nipo!" nikajibu, nikasimama wima.

Sikuwa nimepanga. Naapa sikupanga. Lilitoka lenyewe, kubwa, mbele ya padri, mbele ya majirani na wanaume wote wa kiwandani, na mie nimesimama pale kidume cha kidato cha nne, mkononi upawa, nasubiri kutumwa na marehemu.

Kisha mtani akageuka akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Upo," akasema, bado kwa sauti ya mama. "Mpaka nimekufa, bado upo. Huondoki? Hata mie nimeondoka!"

Aliyecheka wa kwanza alikuwa baba. Kilianza kama kikohozi, nadhani saruji, kisha kikafunguka, akacheka huku machozi yanamtoka na kuchora mistari mashavuni. Ndipo wakacheka wote, Mchaga na Mhaya na Mpare, na dada, ambaye alikuwa anazimia tena na akaahirisha.

Mtani hakushikika tena. Akatembea kama bata aliyesahau kitu. Akaonja chumvi nyuma ya kiganja cha padri. Akamgombeza dada kwa kuja siku isiyo Jumapili, akamaliza na "Mie sijasema kitu." Mpemba mmoja jirani alipopiga hodi akichelewa, akamjibu "Hakuna mtu!" na watu wakaanguka. Na jeneza lilipoinuliwa, akajilaza mlangoni na wenzake wawili, mnene na gauni lake la maua, njia imeziba kabisa.

"Hatoki," akasema. "Kuna anayedaiwa neno. Wewe, msomaji."

Wanaume wakasimama na jeneza mabegani. Baba akasogea mbele.

"Unasoma vizuri kanisani, nimesikia. Huyu ulimsomea nini? Ulimpenda, hukumpenda? Sema, miguu ya watu inauma."

Baba yangu hakuwahi kusema neno la namna hiyo. Sijui hata kama lugha ya kulisema alikuwa nayo. Akakunja kofia.

"Nilimpenda," akasema.

"Sikusikii. Saruji imeziba?"

"Nilimpenda!" baba akasema, kwa sauti ile ya Jumapili, na mtani akainuka polepole, akajikung'uta, akaacha njia. Kwenye kupita, baba alimgusa bega. Alimgusa tu, lakini niliona.

Baada ya arobaini mtani hakuacha kuja. Alikaa kwenye kigoda, akakosoa wali wangu, akachukua nazi bila kuomba. Barua yangu ya kazi ilikuja, nikawa karani, na nikapanga kazi zangu ili niwahi kurudi nyumbani kabla ya saa kumi, jambo ambalo mtani alilitangaza hadi Temeke.

Miaka kadhaa baadaye, asubuhi moja ya Jumamosi, binti yake mtani akasimama mlangoni petu na vumbi la safari. Hakuhitaji kusema, lakini baba akamwambia, "Sema kwa mdomo." Akasema. Baba alikuwa amestaafu wakati huo, nywele nyeupe bila msaada wa saruji. Akaingia ndani, akakaa muda. Nilipomfuata nilimkuta ameshika kanga moja ya mama, anajaribu kuifunga juu ya suruali yake ya kanisani, na fundo linamshinda.

"We mkaa nyumbani," akasema bila kugeuka, "yule mtani alikuwa anatembeaje?"

Nikamwonyesha. Akajaribu, hakuweza, nikamwonyesha tena, wanaume wawili wazima tunazunguka chumbani kwa kutikisa makalio. Alipoweza, akachukua kofia yake.

"Vaa viatu," akasema. "Njia unaijua wewe."